Kamera ya Ulinzi ya Nje Inayotumia Betri: Maswali ya Wiki za Mwanzo

Siku ya kwanza huwa ya furaha: kamera imetoka kwenye boksi, imefungwa ukutani, picha inaonekana kwenye simu. Maswali huanza wiki ya pili. Hapa nimekusanya yale yanayoulizwa tena na tena na watu walioanza kutumia kamera hizi karibuni, lakini kabla ya yote kuna jambo moja ambalo boksi halilisemi waziwazi: kamera ya betri hulala. Kamera ya waya hutazama uwanja saa 24. Hii ya betri huzima karibu kila kitu ndani yake, ikaacha kihisi kimoja kidogo kikiwa macho, na huamka pale tu kihisi hicho kinapoiita. Ndiyo maana inaweza kuishi miezi bila waya, na ndiyo maana pia ina kasoro nyingi utakazozisoma hapa chini.

## Kwa nini video inaanza mtu akiwa ameshapita, nabaki kuona mgongo tu?

Kwa sababu alipopita, kamera ilikuwa bado inaamka. Kihisi kinachoiamsha huitwa PIR. Hakirushi mwanga wala mawimbi yoyote. Kinapokea tu joto la infraredi linalotoka kwenye vitu vilivyo mbele yake, kupitia kilenzi cha plastiki kinacholigawa eneo katika kanda nyingi. Mwili wenye joto ukitoka kanda moja na kuingia nyingine, kihisi huona badiliko na kutoa ishara. Hapo ndipo prosesa huwaka, kamera hupima mwanga na video huanza kurekodiwa. Shughuli hiyo huchukua kuanzia sehemu ya sekunde hadi sekunde kadhaa, kutegemea modeli. Mtu anayetembea kawaida huenda karibu mita moja na nusu kwa sekunde, kwa hiyo kamera ikichelewa sekunde tatu, ameshasogea zaidi ya mita nne.

Kutokana na maelezo hayo utaona kwa nini uelekeo wa kamera ni muhimu kuliko wingi wa megapikseli. Mtu anayekatiza mbele ya kamera, kutoka kushoto kwenda kulia, huvuka kanda nyingi haraka na kihisi humwona mapema. Anayekuja moja kwa moja kuelekea lenzi hubaki katika kanda ileile kwa muda mrefu, na anaweza kukaribia sana kabla kamera haijashtuka. Watu wengi huelekeza kamera moja kwa moja kwenye geti, kisha wanalalamika kwamba inachelewa. Igeuze ili njia ya kuingilia ikatize picha, au ihamishie kwenye kona ambapo anayekuja atalazimika kupita mbele yake.

Baadhi ya modeli mpya hutunza sekunde chache za kabla ya tukio, kwa ubora wa chini, ili video isianze katikati. Ni kipengele kizuri sana, ila kinakula betri kwa sababu sehemu ya kamera haipati usingizi kamili. Kama kamera yako inacho, kiwashe kwenye mlango mkuu, na sehemu nyingine ukiache.

## Boksi linasema miezi sita. Betri yangu imeisha ndani ya wiki chache. Ni mbovu?

Mara nyingi si mbovu. Muda unaoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa matukio machache kwa siku na video fupi. Kilicho nje ya nyumba yako huenda hakifanani kabisa na hesabu hiyo.

Tufanye hesabu yenyewe. Betri ya mAh 5,000 yenye volti 3.6 hubeba nishati ya saa-wati 18. Kamera ikiwa macho, inarekodi na kurusha video kwa Wi-Fi, tuseme inatumia kati ya wati 1 na wati 1.5. Maana yake ni kwamba ndani ya betri hiyo mna saa 12 hadi 18 za kurekodi, basi. Kamera ikiamka mara 10 kwa siku kwa sekunde 10 kila mara, inatumia chini ya dakika mbili, na betri itadumu miezi mingi hata ukitoa kile kidogo inachotumia ikiwa usingizini. Ikiamka mara 60 kwa siku kwa sekunde 20, hizo ni dakika 20 kila siku, na saa zote zitakuwa zimeisha baada ya siku 36 hadi 54. Kamera ni ileile, betri ni ileile. Kilichobadilika ni idadi ya mara inazoamshwa.

Kwa hiyo kabla ya kuirudisha, fungua orodha ya matukio uhesabu: kwa siku imeamka mara ngapi, na ni mara ngapi kati ya hizo kulikuwa na kitu cha maana? Kisha jiulize wewe mwenyewe unaifungua mara ngapi kutazama moja kwa moja. Hili la mwisho husahaulika. Wiki ya kwanza kila mtu nyumbani hufungua programu kuangalia kama kamera inafanya kazi, na kila ukitazama unaiamsha na kuirushisha video mfululizo. Matumizi ya wiki ya kwanza hayafai kuwa kipimo cha betri.

Kingine kinachomaliza betri kimyakimya ni Wi-Fi dhaifu. Kamera iliyo mbali na ruta hurudia kutuma data iliyopotea njiani na hukaa macho muda mrefu zaidi ili kumaliza kutuma video moja. Nimeona watu wakibadilisha betri, wakabadilisha hata kamera nzima, kumbe tatizo lilikuwa ukuta mnene ulio kati yake na ruta.

## Asilimia ya betri ilikaa juu siku nyingi, ghafla ikaporomoka. Inawezekanaje?

Volti ya betri ya lithiamu hushuka taratibu sana katikati ya matumizi yake, kisha huanguka haraka ikikaribia mwisho. Kamera nyingi hukisia asilimia kutokana na volti hiyo, kwa hiyo makadirio yake si sahihi sana. Baridi nayo hushusha volti kwa muda, ndiyo maana asubuhi unaweza kuona asilimia ndogo kuliko ya mchana. Ichaji ikifika asilimia 20 hivi, usingoje izime.

Kuna kamera zinazotumia betri za kubadilisha. Zile za Blink, kwa mfano, hutumia betri mbili za AA za lithiamu zisizochajiwa, zenye volti 1.5. Usiweke za alkalaini wala zile za AA za kuchaji zenye volti 1.2. Zinaingia vizuri kabisa kwenye nafasi yake, lakini kamera itakwambia betri imeisha wakati bado ina chaji, au itazima katikati ya kurekodi.

## Niifunge kimo gani?

Kati ya mita 2 na 3 kutoka chini, ikiinama kidogo. Najua hamu ni kuipandisha juu kabisa ili mwizi asiifikie. Lakini kwenye mita 4 au 5 utakachorekodi ni kofia na mabega, na kihisi cha joto kitaangalia juu ya vichwa vya watu. Kamera isiyoonyesha uso imepoteza nusu ya kazi yake.

Usiitoboee ukuta siku ya kwanza. Ishikize kwa muda kwa mkanda imara au kamba, hata juu ya ngazi, kisha fanya jaribio: mtu mmoja atembee njia zote ambazo mgeni angepita, polepole na kwa haraka, mchana na tena usiku, huku mwingine akitazama ni wapi kamera imeamka na ni wapi haikuamka. Programu nyingi zina kipengele cha kupima kihisi, taa huwaka kila kinapokuona. Kihisi cha kawaida huona mtu vizuri hadi mita 6 au 10; zaidi ya hapo usikitegemee, hata kama picha yenyewe inaonyesha mbali zaidi. Ukisogeza kamera kwa upana wa mkono mmoja tu unaweza kupata matokeo tofauti kabisa, na ni bora ulijue hilo kabla ya kutumia drili.

Kumbuka pia joto la hewa. Kihisi hutegemea tofauti kati ya joto la mwili na la vitu vilivyo nyuma yake. Mchana wa jua kali, ukuta na sakafu vikikaribia nyuzi 37 za Selsiasi, tofauti hiyo hupungua na kamera huanza kukosa watu wanaopita. Ikikutokea hivyo mchana tu na usiku iko sawa, hujanunua kamera mbovu. Ongeza unyeti kwa saa hizo, kama programu inaruhusu ratiba.

## Naweza kuiweka ndani ikaangalia nje kupitia kioo cha dirisha?

Hapana. Kioo cha kawaida huzuia joto la infraredi ambalo PIR inalitegemea, kwa hiyo kamera haitaamka. Usiku, taa zake za infraredi zitagonga kioo na kurudi kwenye lenzi, utaona weupe mtupu.

## Arifa haziishi. Paka, matawi, magari. Nifanyeje?

Anza na mahali, kisha ndipo uende kwenye mipangilio. Watu wengi hukimbilia kupunguza unyeti hadi kamera ikaacha kuona hata binadamu. Angalia kwanza kilichomo ndani ya picha. Boneti ya gari lililotoka barabarani ina joto kali na kihisi huiona kutoka mbali kuliko kinavyomwona mtu. Tawi lililopigwa na jua likipeperushwa na upepo huleta badiliko la joto. Mashine ya kiyoyozi inayopuliza hewa ya moto, na hata kivuli cha wingu kinachopita juu ya ukuta uliopata moto, vyote vinaweza kuiamsha kamera. Inamisha lenzi ili barabara itoke kwenye picha. Kata tawi. Hatua hizo mbili hupunguza arifa kuliko kipengele chochote kwenye programu.

Baada ya hapo, chora maeneo ya kuangaliwa. Hapa pana tofauti ambayo watengenezaji hawaielezi vya kutosha. Kuna kamera ambazo eneo ulilochora huzima sehemu ya kihisi chenyewe, hivyo kamera haiamki kabisa. Kuna nyingine ambazo kamera huamka kwa kila kitu, hurekodi, kisha ndipo huamua kutokukutumia arifa. Katika aina hii ya pili simu itatulia, lakini betri inaendelea kuliwa. Hali ni hiyohiyo kwa utambuzi wa binadamu, wanyama na magari: mara nyingi uamuzi hufanyika baada ya kamera kuamka, kwa sababu PIR peke yake haiwezi kumtofautisha mtu na mbwa mkubwa.

Kisha kuna muda wa kupumzika kati ya video moja na nyingine. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mapumziko ya sekunde kadhaa au hata dakika nzima, ili kulinda betri. Maana yake ni kwamba mtu wa kwanza akirekodiwa, wa pili anayemfuata nyuma anaweza asionekane. Mlangoni, punguza muda huo uwe mfupi iwezekanavyo na ukubali kuchaji mara nyingi zaidi. Lichukulie kwa uzito, maana tukio la kweli halifuati ratiba ya kamera.

## Usiku picha ni nyeupe, ina ukungu, au ina nyuzi zinazocheza. Lenzi imeharibika?

Karibu kila mara sababu ni kitu kilicho karibu sana na lenzi. Usiku kamera huwasha taa ndogo za infraredi. Mwanga wake ukigonga ukingo wa paa, bomba, au ukuta ulio pembeni, hurudi ukiwa mkali, na kamera hujipunguzia mwanga ili kuufidia. Matokeo yake ukuta unang'aa na uwanja wote unakuwa giza. Isogeze mbele ya ukingo huo, au igeuze kidogo hadi kitu hicho kitoke kwenye picha.

Nyuzi zinazocheza ni utando wa buibui. Wadudu hukusanyika penye mwanga, buibui huwafuata, na utando ulio mbele ya lenzi hung'aa usiku. Futa kwa kitambaa laini kila mara unapochaji. Alama za vidole na vumbi nazo huleta ukungu, na mara kwa mara ni ile karatasi nyembamba ya kiwandani ambayo haikubanduliwa.

Ukiona taa zinatoa wekundu hafifu, usishtuke. Taa za nanomita 850 huonekana kidogo kwa macho, zile za nanomita 940 hazionekani kabisa lakini huangaza umbali mfupi zaidi. Zipo pia kamera zenye taa nyeupe ya kuonyesha picha za rangi usiku. Rangi ya shati au ya gari ni ushahidi mzuri, na mwanga wa ghafla humfanya mtu asite. Gharama yake ni betri. Kama tayari una taa ya nje inayowaka usiku kucha, itumie hiyo na kamera iache infraredi kabisa.

## Inakataa kuunganika na Wi-Fi, wakati simu yangu iko kwenye Wi-Fi hiyohiyo.

Kamera nyingi za betri zinatumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, kwa sababu hupenya kuta vizuri kuliko gigahezi 5 na hutumia nguvu kidogo. Ruta za sasa huchanganya masafa yote mawili chini ya jina moja, na simu yako huenda iko kwenye 5. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tenga masafa ya 2.4 kwa jina lake au washa mtandao wa wageni wa 2.4, kisha uunganishe upya. Ikishindikana, angalia aina ya ulinzi: ruta iliyowekwa WPA3 peke yake huzikataa kamera nyingi, na kuiweka kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 huondoa tatizo.

Fanya uunganishaji wa mwanzo karibu na ruta, kisha peleka kamera mahali pake na usome nguvu ya mawimbi ndani ya programu. Namba hizo huandikwa kwa dBm zikiwa hasi: -50 ni nzuri sana, -60 inatosha, ikifika -70 tegemea video zinazokatika na betri inayoisha mapema. Usipime kwa simu ukiwa umesimama chini. Antena ya kamera ni ndogo na imebanwa na ukuta nyuma yake. Angalia pia kasi ya kupakia ya intaneti yako, si ya kupakua. Video ya 1080p huhitaji megabiti 1 hadi 2 kwa sekunde kwa kila kamera.

## Umeme ukikatika, kamera itaendelea?

Kamera yenyewe ndiyo. Ruta hapana, isipokuwa nayo ina betri yake. Bila ruta hakuna arifa, na kamera inayotegemea wingu (hifadhi ya mtandaoni ya kampuni) peke yake haitahifadhi chochote, hata kama betri imejaa. Yenye kadi ya kumbukumbu ndani kwa kawaida itaendelea kurekodi na utaziona video intaneti ikirudi. Watu hununua kamera ya betri wakidhani wamejikinga na kukatika kwa umeme. Kinga hiyo haijakamilika mpaka ruta nayo iwe na umeme wa akiba. Kifaa kidogo cha akiba kwa ajili ya ruta hufaa kuliko kununua kamera ya pili.

## Nihifadhi kwenye wingu au kwenye kadi?

Kila njia hufeli kwa namna yake. Kadi haina malipo ya kila mwezi na video hazitoki nyumbani, lakini mwizi akiing'oa kamera ameondoka na ushahidi wote. Wingu hubakiza video hata kamera ikiibwa, ila unalipia, na usajili ukiisha kamera nyingi hubaki na uwezo wa kutazama moja kwa moja tu. Soma hilo kabla ya kununua: zipo kamera ambazo bila usajili hazihifadhi hata sekunde moja, wala hazitofautishi mtu na tawi. Njia ya tatu, ambayo naiona bora kwa anayeweza, ni kamera zinazotuma video kwenye kituo kidogo kinachokaa ndani ya nyumba. Kamera ikiibwa, video zimebaki ndani. Kifiche kituo hicho. Usikiweke kando ya televisheni.

Ukichagua kadi, nunua ile iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, iwekee fomati ndani ya kamera yenyewe, na ujaribu kucheza video moja ya zamani kila mwezi. Kadi iliyokufa haitoi taarifa kila mara.

## Paneli ya sola itaniondolea kabisa kazi ya kuchaji?

Ikipata jua la moja kwa moja, ndiyo. Rudi kwenye hesabu ya betri: hata ile kamera inayorekodi dakika 20 kwa siku hutumia karibu nusu saa-wati kwa kurekodi, na kidogo zaidi ikiwa usingizini. Paneli ya wati 2 hurudisha kiasi hicho kwa saa moja au mbili za jua zuri. Kinachowaangusha watu ni mahali. Paneli huja na kebo fupi, kwa hiyo hufungwa hapo hapo penye kamera, na kamera nzuri iko chini ya paa, kivulini. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo: kivuli kinachofunika kona moja tu hupunguza umeme kwa kiwango kikubwa kuliko ukubwa wa kona yenyewe. Nunua kebo ndefu, peleka paneli juani, iache kamera palepale. Walio kaskazini ya ikweta waielekeze kusini, walio kusini waielekeze kaskazini. Karibu na ikweta ilale karibu bapa, na mwinamo mdogo wa kuruhusu mvua kuosha vumbi.

Ifunge paneli betri ikiwa imeshajaa kwa chaja. Paneli ndogo hufidia matumizi ya kila siku vizuri, lakini kuijaza betri tupu huku kamera inafanya kazi ni safari ndefu.

## Inastahimili mvua, jua na baridi?

Tafuta alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, na 6 ni kinga kamili. Ya pili ni maji: 4 ni matone yanayorushwa kutoka pande zote, 5 ni maji ya bomba yenye msukumo, 6 ni msukumo mkali. IP65 inatosha ukutani. Kinga hiyo inategemea kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia, na hicho ndicho watu husahau kukibana baada ya kuchaji. Maji yakiingia hapo, udhamini mara nyingi hauyahesabu.

Baridi na joto huumiza betri kwa njia tofauti. Kuchaji lithiamu chini ya nyuzi 0 huiharibu kwa kudumu, ndiyo maana kamera nzuri hukataa kuchaji kwenye baridi hata paneli ikiwa juani. Joto kali huizeesha mapema, na ukuta unaopigwa na jua la alasiri unaweza kuifanya kamera iwe ya moto kuliko hewa iliyoizunguka. Chini ya paa ni pazuri, huku paneli ikiwa mahali pake pengine.

## Kuna mtu anaweza kuingia akaona video zangu?

Hatari hii ni ya kweli. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka idadi kubwa ya kamera na rekoda zilizoachwa na nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba zikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyosaidia kuwaelekeza watu kwenye tovuti mbalimbali, hadi tovuti kubwa zikashindwa kufunguka. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilidai kwamba Ring, kampuni ya kamera za nyumbani, iliwaruhusu wafanyakazi kutazama video za faragha za wateja na haikuzilinda akaunti dhidi ya wadukuzi; kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8.

Yaliyo mikononi mwako ni haya. Tumia nywila ambayo hujaitumia popote pengine, kwa sababu akaunti nyingi za kamera hufunguliwa kwa nywila zilizovuja kutoka sehemu nyingine kabisa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili siku hiyohiyo ya kwanza. Weka masasisho yajiendeshe. Kama kuna usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho, yaani video ifunguke kwenye vifaa vyako tu, uwashe, ukijua kwamba baadhi ya vipengele vya wingu vitazimika. Wape wanafamilia akaunti zao badala ya kugawana nywila moja, na anayehama nyumba umwondoe. Na kamera ya nje ibaki nje: isielekezwe chumbani wala bafuni.

## Inaonyesha barabara na mlango wa jirani. Kuna shida?

Kwa sheria, inategemea uko nchi gani. Barani Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2014, katika kesi ya mwenye nyumba wa Jamhuri ya Czech, kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi mfululizo sehemu ya barabara ya umma haihesabiwi tena kuwa jambo la nyumbani tu, hivyo sheria ya kulinda data inaihusu. Mtu huyo alikuwa ameshambuliwa kweli na video yake ilisaidia kuwatambua washukiwa, lakini wajibu wake kwa wapita njia ulibaki palepale.

Popote ulipo, mwonyeshe jirani picha inayoonekana kwenye simu yako. Programu nyingi hukuruhusu kufunika sehemu ya picha kwa weusi usiorekodiwa. Funika dirisha lake mbele yake. Sauti ina uzito zaidi, kwa kuwa nchi nyingi zina masharti makali kuhusu kurekodi mazungumzo ya watu wasiojua. Kama huihitaji, izime.

## Kuna mahali ambapo hunishauri kutumia kamera ya betri?

Ndiyo. Mahali penye msongamano wa watu na magari kutwa nzima, itakuchosha kwa kuchaji. Mahali unapotaka rekodi ya mfululizo bila pengo, kwa mfano mlango wa ghala, weka ya waya. Na usiitegemee kusoma namba za magari yaendayo kasi usiku. Kibao cha namba hurudisha mwanga wa infraredi na kung'aa hadi herufi zinapotea.

## Nikague nini kabla siku za kurudisha bidhaa hazijaisha?

Rudia jaribio la kutembea usiku wa manane, wakati hakuna mwanga mwingine. Zima ruta kwa nusu saa, uone kama kamera inarekodi na kama inajiunganisha yenyewe ruta ikirudi. Zile zinazohitaji kupandiwa ngazi kila mara intaneti inapokatika, zirudishe bila kusita. Pakua video moja kwenye simu na uicheze nje ya programu, ukague tarehe na saa, kwa sababu hiyo ndiyo utakayompa polisi. Piga king'ora cha kamera ukiwa umesimama getini, usikie kama kinafika. Ichaji kutoka asilimia ndogo hadi ijae, utazame kama inachukua saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha maelezo. Kisha usilitupe boksi, na piga picha namba ya utambulisho ya kamera (serial number) iliyo juu yake. Ndiyo itakayohitajika kwenye udhamini, na kwenye kamera yenyewe mara nyingi imeandikwa upande unaogusa ukuta.